Pori la mahame: pima uzito kabla ya kulipa

Mkaa na mbao hununuliwa kwa ujazo: gunia, lori au mita ya ujazo. Lakini katika mkaa, kinachopika chakula ni uzito. Kwa sababu hiyo, wanunuzi wawili wanaweza kulipa bei moja kwa pori lililoota juu ya mashamba yaliyoachwa, mmoja akapata faida na mwingine hasara.

Mahame ya namna hii ni mengi Tanzania. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 ilihamisha mamilioni ya watu, na sehemu ya mashamba waliyoyaacha ikarudi kuwa pori. Mengine huachwa udongo unapochoka.

Swali la kwanza kwa mwenye eneo ni hili: shamba lililimwaje? Palipolimwa kwa jembe la mkono na visiki vikabaki, miyombo huchipua upya kutoka kwenye visiki na mizizi, nayo hukua haraka kwa kuwa mizizi tayari ipo. Palipopita trekta na visiki vikang'olewa, pori huanza kwa mbegu na huchelewa sana.

Swali la pili ni aina ya miti. Wanunuzi wengi huamini kuwa pori changa lina miti myepesi. Imani hiyo si kweli kila mahali. Utafiti wa misitu inayoota upya Amerika ya Kusini na ya Kati, uliochapishwa 2019, ulionyesha kuwa penye mvua nyingi miti inayotangulia ni myepesi, na mizito hufuata baadaye. Penye ukame hali ni kinyume: hutangulia miti mizito inayostahimili kiu. Kwa hiyo umri wa pori peke yake si kipimo.

Tofauti hiyo ina maana gani mfukoni? Tuchukue tanuri la udongo linalotoa kilo 15 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Mita moja ya ujazo ya mti wa kilo 800 itatoa kilo 120 za mkaa. Ya mti wa kilo 500 itatoa kilo 75 tu. Isitoshe, mkaa wa mti mwepesi hujaza gunia upesi na huisha upesi jikoni, na mteja hatarudi.

Kwa mbao, tahadhari ni nyingine. Mninga mkavu una takriban kilo 600 hadi 650 kwa mita ya ujazo, lakini thamani yake iko kwenye kiini chenye rangi. Mninga mchanga wa mahame una sehemu kubwa nyeupe ya nje, ambayo soko la samani halilipii bei ya mninga.

Kipimo ni rahisi. Kata kipande cha sentimita 10 kila upande, kikaushe hadi uzito usipungue tena, kisha ukipime kwenye mizani. Idadi ya gramu utakayoisoma ndiyo idadi ya kilo kwa mita ya ujazo. Pima vipande vya miti kadhaa, si mmoja.

Mwisho, hakikisha kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia vipo kabla ya kutoa fedha. Mzigo ukikamatwa njiani, uzito wake haukusaidii.