Je, Wajua? Tembo wa Dhahabu wa Tabora

Mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, Tabora ilitengeneza sarafu za dhahabu kwenye karakana ya reli! Meli za Uingereza zilikuwa zimefunga pwani, Wajerumani, watawala wa wakati huo, wakaishiwa fedha. Dhahabu ikatoka mgodi wa Sekenke, Singida. Kila sarafu ya rupia 15 ina tembo aliyeinua mkonga, milima nyuma yake. Tembo mzuri kweli. Zilitoka 16,198 tu.

Sarafu ndogo za heller 5 na 20 zilikuwa za shaba. Nyingi ziligongwa ovyoovyo. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji.

Ukipata ya shaba yenye herufi T ya Tabora, usiisugue: wakusanyaji hawataki iliyong'arishwa.