Glavu za Vidole Wazi: Utangulizi wa Ufumaji kwa Sindano Mbili

Tafuta sweta ya shule, ya mwanao au ya mtoto wa jirani, uilaze mezani penye mwanga wa kutosha. Achana na nembo na kola; sogeza macho tumboni mwa sweta, mahali pasipo na pambo lolote. Utaona alama ndogo za umbo la V zimepandana, moja juu ya nyingine, kwa safu zilizosimama wima. Sasa igeuze ndani nje. Zile V hazipo tena. Pamejaa vinundu vilivyojipanga kwa mistari ya kulala. Mwisho, angalia ukingo wa mkono wake. Hapo V na vinundu vinapokezana, na ukiuvuta ukingo huo unanyumbuka, ukiuachia unarudi.

Mambo hayo matatu ndiyo msingi wa ufumaji wote. Utangulizi huu nimeuandika kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kushika sindano za kufumia, na nia yangu ni kukufikisha kwenye kazi moja kamili: jozi ya glavu za vidole wazi, yaani zile zinazofunika kifundo cha mkono na kiganja, zikaviacha vidole huru. Mwezi wa Juni na Julai, baridi inapoingia Makete, Mufindi, Limuru au Kinangop, mchuma chai, mwenye duka na mwalimu anayeshika chaki wanahitaji joto, na wanahitaji ncha za vidole vyao pia. Lakini nimeichagua kazi hii hasa kwa sababu inamfaa anayeanza. Kila glavu ni kipande cha mstatili kilichokunjwa na kushonwa ubavuni, pakaachwa tundu la kidole gumba. Huna umbo gumu la kuchonga, na kazi inaisha kabla hamu haijaisha.

Tuanze na kitanzi. Kitanzi ni uzi uliopinda ukarudi, ukapitishwa ndani ya mwenzake. Ukichukua mkeka, utaona miyaa imekwenda moja kwa moja, huu juu, ule chini, na ndiyo maana mkeka haunyumbuki hata ukiuvuta kwa nguvu. Katika kufuma, uzi hauendi moja kwa moja popote. Unapanda, unapinda, unashuka, unapanda tena. Kitambaa kikivutwa, mapindo hayo hunyooka kidogo, na kikiachiwa hujipinda tena. Mnyumbuko wa sweta hautokani na mpira wala dawa. Umo katika njia uliyopita uzi.

Hapa wengi huuliza: je, hii si kroshia? Ni ndugu, lakini si kitu kimoja. Vile vitambaa vya kupambia makochi hufumwa kwa kroshia, yaani kwa sindano moja yenye ndoano, na kwa kawaida mfumaji humaliza kitanzi kimoja kabla ya kwenda kingine. Katika ufumaji wetu sindano ni mbili, hazina ndoano, na vitanzi vya mstari mzima hubaki wazi juu ya sindano vikisubiri zamu yao. Kwa glavu yetu vitakuwa 36. Sindano ya kushoto inabeba vitanzi vya zamani, ya kulia inapokea vipya. Sindano ya kushoto ikibaki tupu, mstari mmoja umekwisha, unabadilishana mikono na kuanza tena.

Sasa nakuomba utulie kidogo, kwa sababu jambo linalofuata ndilo linalowachanganya wanaoanza kuliko yote. Utasikia kwamba kuna vitanzi vya aina mbili. Cha kwanza nitakiita kitanzi cha uso. Uzi unakaa nyuma ya kazi. Unaingiza sindano ya kulia ndani ya kitanzi kutoka kushoto kwenda kulia, ncha ikatokea nyuma. Unauzungushia uzi, unauvuta mbele kupitia kitanzi, kisha unakiachia kile cha zamani kianguke kutoka sindano ya kushoto. Kinachobaki mbele yako ni V. Cha pili ni kitanzi cha mgongo. Uzi unakaa mbele. Sindano inaingia kutoka kulia kwenda kushoto, ncha ikatokea mbele. Unazungusha uzi, unausukuma nyuma, unakiachia cha zamani. Kinachobaki mbele yako ni kinundu.

Geuza kazi yako uangalie. Kile ulichokiita kitanzi cha uso, kwa nyuma ni kinundu. Kile ulichokiita cha mgongo, kwa nyuma ni V. Kwa hiyo vitanzi si aina mbili. Kitanzi ni kimoja, kina pande mbili, na wewe unaamua tu upande upi ukuelekee. Mtu akilielewa hili, maelekezo ya kufuma hayamtishi tena. Ukifuma mstari mmoja wote kwa uso, ukageuza, ukafuma unaofuata wote kwa mgongo, V zote zitakusanyika upande mmoja, na hilo ndilo tumbo la sweta ya shule. Ukifuma kila mstari kwa uso pande zote mbili, utapata mistari ya vinundu mbele na nyuma, kitambaa kinene kinachotulia mezani. Na ukipokezanisha viwili vya uso na viwili vya mgongo katika mstari huohuo, utapata mbavu.

Mbavu zinastahili maelezo zaidi, kwa sababu ndizo zinazoishika glavu mkononi. Safu za V hujitokeza mbele, safu za vinundu hujificha nyuma, na kitambaa kizima hujikunja kwa upana. Mkono unapoingia, mikunjo hufunguka. Kiganja kikishapita, hujikunja tena na kubana kifundo. Mbavu zina faida nyingine: hazijiviringi. Kitambaa chenye V upande mmoja tu hujiviringa kingo zake, pembeni kuelekea nyuma, juu na chini kuelekea mbele, kwa sababu vitanzi vyote vinavuta upande mmoja. Ukiona kazi yako imeanza kujiviringa usidhani umekosea. Kwenye mbavu mivuto hiyo inapingana na kulingana, na ndiyo sababu tutaanza glavu kwa mbavu na kuimaliza kwa mbavu.

Vifaa havina gharama kubwa, ila vichague kwa makini. Chukua uzi wa unene wa kati, ambao karatasi yake inaonyesha sindano ya milimita 4 hadi 5, tena wa rangi nyepesi, kwani kwenye uzi mweusi hutaviona vitanzi vyako. Kibonge cha gramu 100 kinatosha jozi na kubaki. Sufu ya kondoo ndiyo bora: nywele zake zina mawimbi yanayohifadhi hewa, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto lisitoke, tena sufu hunywa unyevu mwingi kabla mkono haujahisi kulowa. Madukani kwetu utakuta zaidi akriliki, nyuzi za kiwandani, na hazina ubaya kwa kujifunzia, mradi usizipige pasi, maana moto huzilegeza zisirudi tena. Pamba siipendekezi kwa kazi ya kwanza kwa kuwa hainyumbuki, na vidole vitachoka mapema. Kuhusu sindano, wako watu wengi waliojifunza kwa spoku za baiskeli zilizonolewa, na nawaheshimu. Lakini spoku ina unene wa milimita 2 hivi, ni nyembamba mno kwa uzi huu. Tafuta za milimita 4.5, za mbao au mianzi ukizipata, kwa sababu vitanzi havitelezi ovyo juu yake.

Sasa tufike kwenye kipimo, na hapa naomba uvumilivu wako kuliko mahali pengine. Kipimo cha ufumaji ni idadi ya vitanzi vinavyoingia katika sentimita 10 za kitambaa chako. Nasema chako, kwa sababu watu wawili wenye uzi mmoja na sindano sawa hawapati kipimo sawa. Mmoja hukaza, mwingine hulegeza. Pandisha vitanzi 24 (namna ya kupandisha na kufunga vitanzi nimeieleza hapo chini), fuma mstari wa uso na mstari wa mgongo mpaka upate kipande cha mraba, kioshe, kikauke, kisha weka rula katikati, mbali na kingo, uhesabu V zilizomo ndani ya sentimita 10. Tuseme umepata 20, yaani vitanzi 2 kwa kila sentimita. Pima kiganja chako kwa kukizungushia utepe chini ya mizizi ya vidole, bila kidole gumba. Tuseme ni sentimita 19. Glavu nzuri huwa ndogo kidogo kuliko mkono ili ishike, basi tunataka sentimita 17. Ongeza 1 itakayomezwa na mshono: 18. Zidisha kwa 2, unapata vitanzi 36.

Je, tofauti ya vitanzi viwili inadhuru? Angalia. Kama kipimo chako ni 18 badala ya 20, vitanzi vilevile 36 vitakupa upana wa sentimita 20, na glavu itapwaya. Kama ni 22, utapata sentimita 16 na kidogo, nayo itabana. Badili sindano, nene zaidi kwa anayekaza, nyembamba zaidi kwa anayelegeza. Au badili hesabu, mradi idadi igawanyike kwa 4 ili mbavu zikae sawa. Elizabeth Zimmermann, mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi yake kubwa Marekani, alikijenga kitabu chake cha 1971, Knitting Without Tears, juu ya hoja hii: mwenye kujua kipimo chake anaweza kujitungia vazi bila kusubiri maelekezo ya mtu. Ninakubaliana naye kabisa, na ndiyo maana nimekuonyesha hesabu yenyewe kabla ya kukupa namba.

Haya, tufume. Vuta uzi wa mita moja kutoka kwenye kibonge, funga fundo linaloteleza mahali hapo, ulitie kwenye sindano. Hicho ni kitanzi cha kwanza. Pandisha vingine 35 kwa kuuviringa mkia wa uzi kwenye kidole gumba na kuupitishia uzi wa kibonge ndani yake, na mkia utakaobaki uuache, utashonea. Kisha fuma viwili vya uso, viwili vya mgongo, hadi mwisho. Kwa kuwa 36 inagawanyika kwa 4, kila mstari, mbele na nyuma, utauanza kwa viwili vya uso na kuumaliza kwa viwili vya mgongo. Huna cha kukariri. Endelea mpaka sentimita 6. Hapo badilisha: mstari wa uso, mstari wa mgongo, mpaka kipande kiwe na urefu wa sentimita 16. Rudia mbavu kwa sentimita 2, kisha funga vitanzi: fuma viwili, kipitishe cha kwanza juu ya cha pili kianguke, fuma kingine, rudia. Funga kwa kulegeza, ukiweza kwa sindano nene zaidi, la sivyo ukingo utakata vidole.

Ukihesabu ukakuta vitanzi 39 badala ya 36, karibu kila mara chanzo ni kimoja: ulipotoka uso kwenda mgongo, uzi ulipita juu ya sindano badala ya kupita kati ya sindano mbili, ukazaa kitanzi bandia. Na kitanzi kikidondoka kikafungua ngazi kuelekea chini, usifumue kazi yote. Chukua sindano ya kroshia, kinase kitanzi cha chini kabisa, kipitishie kipago cha kwanza cha ngazi, halafu cha pili, mpaka juu. Napenda sana mwanafunzi anapofanya hivi mara ya kwanza, kwa sababu anajionea jinsi kila kitanzi kinavyosimama juu ya kilichotangulia.

Kushona kunataka sindano butu na subira. Laza kingo mbili zikiangaliana, upande wa V ukikuelekea. Kati ya safu ya mwisho ya V na ile inayofuata kuna vijiuzi vya kulala. Chukua kimoja kulia, kimoja kushoto, vuta taratibu, na mshono utajificha wenyewe. Shona sentimita 10 kutoka kifundoni, acha 5 za kidole gumba, malizia 3 za juu.

Huko mbele yako kuna ufumaji wa mzunguko, ambapo kazi haina mshono na unaiona kwa nje daima, kwa hiyo V hupatikana bila kufuma hata kitanzi kimoja cha mgongo. Njia hiyo ni kongwe: vipande vya soksi za pamba za buluu na nyeupe vilivyopatikana Misri ni vya enzi za kati, na katika mchoro wa altare ya Buxtehude, Ujerumani, uliochorwa karibu na 1400, Bikira Maria anafuma kanzu isiyo na mshono kwa sindano nne. Kwa njia hiyo kidole gumba nacho hupata pembe yake: unaongeza vitanzi viwili kila baada ya mzunguko mmoja, kabari inapanuka kufuata umbo la kiganja, kisha vitanzi vyake vinawekwa kando kwenye uzi mpaka zamu yao ifike.

Kabla ya hapo kuna glavu ya pili. Hesabu mistari ya ile ya kwanza, mbavu za chini, tumbo, mbavu za juu, uziandike namba hizo, na ufuate namba badala ya rula. Kitambaa hunyooka ukikivuta kidogo, bali mistari haibadiliki. Kwa kuwa tundu liko kwenye mshono, glavu zote mbili ni sawasawa, hakuna ya kulia wala ya kushoto. Unapandisha tena 36.