Mguu Bandia: Kwa Nini Goti na Nyonga Hupimwa Kwanza

Mtu aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari au ajali ya barabarani anapofika katika kitengo cha viungo bandia hutarajia kupimwa urefu wa mguu na kupewa tarehe ya kurudi kuuchukua. Wengi hushangaa mhudumu anapoanza kwa kuwalaza kitandani, kulikunja na kulinyoosha goti lao, kisha kuandika nambari kwenye faili. Nambari hizo huchangia pakubwa kuamua iwapo mguu bandia utatumika kila siku au utawekwa nyuma ya mlango.

Viungo hufanya nini mtu akitembea?

Wataalamu huhesabu hatua kuanzia kisigino kinapogusa ardhi hadi kisigino hichohicho kitakapoigusa tena. Katika mwendo wa kawaida, mguu hukaa ardhini kwa takriban asilimia 60 ya muda huo na kupita hewani kwa asilimia 40 iliyobaki.

Kisigino kinapogusa ardhi, goti huwa karibu limenyooka kabisa. Uzito wa mwili ukishauelemea mguu, goti hukunjika kidogo, takriban digrii 15 hadi 20, ili kupunguza mshtuko. Mguu ukiwa hewani, goti hukunjika hadi takriban digrii 60 ili vidole visikwaruze ardhi. Nyonga nayo husogea takriban digrii 40 kutoka mbele hadi nyuma.

Shughuli nyingine huhitaji zaidi ya hapo. Kuketi kwenye kiti huhitaji goti likunjike karibu digrii 90. Kuchuchumaa, kwa mfano katika choo cha shimo, huhitaji zaidi ya digrii 110.

Kipimo hufanywaje?

Kifaa kinachotumika sana ni goniomita. Inafanana na protrakta iliyo katika mkebe wa jometri wa mwanafunzi, ila ina mikono miwili mirefu. Ili kupima goti, kitovu cha kifaa huwekwa ubavuni mwa goti upande wa nje. Mkono mmoja huelekezwa kwenye mfupa wa nyonga unaojitokeza ubavuni, na wa pili kwenye mfupa wa nje wa kifundo cha mguu. Kwa mtu aliyekatwa mguu chini ya goti, mkono wa pili hufuata mfupa wa muundi uliobaki. Kipimo huchukua dakika chache na hakina maumivu ya sindano wala upasuaji.

Katika maabara kubwa za mwendo, vidude vinavyoakisi mwanga hubandikwa mwilini, na kamera kadhaa hurekodi kila kiungo mtu anapotembea. Kuna pia vihisio vidogo vinavyofungwa pajani na kwenye muundi.

Hatari ya goti kukakamaa

Kipimo cha kwanza hutafuta jambo moja hasa: je, goti na nyonga bado vinanyooka? Baada ya upasuaji, wagonjwa wengi huweka mto chini ya goti kwa sababu hupunguza maumivu. Goti likikaa limekunjwa kwa wiki nyingi, misuli na mishipa ya nyuma hufupika na goti hukataa kunyooka. Kwa aliyekatwa juu ya goti, hali hiyo huikumba nyonga, hasa akishinda ameketi.

Kiungo kikipungukiwa na digrii chache, fundi anaweza kufidia kwa namna anavyoupanga mguu bandia. Upungufu ukiwa mkubwa, mgonjwa hulazimika kurudi kwenye mazoezi kwanza, na wakati mwingine mguu wa kawaida hauwezi kumkaa kabisa. Ndiyo maana wauguzi na wataalamu wa fiziotherapia husisitiza mgonjwa alinyooshe goti kitandani, asiweke mto chini yake, na, daktari akiruhusu, alale kifudifudi kwa muda kila siku.

Mguu upi, kwa maisha yapi?

Vipimo pia husaidia kuchagua kifaa. Mguu uitwao Jaipur, uliobuniwa India mwaka 1968, ulitengenezwa kwa kuzingatia watu wanaochuchumaa, kuketi sakafuni na kutembea pekupeku mashambani. Kwa upande mwingine kuna magoti ya kielektroniki kama C-Leg, iliyozinduliwa na kampuni ya Ujerumani Otto Bock mwaka 1997. Goti hilo hujipima pembe lenyewe mara nyingi kwa sekunde na kurekebisha ukakamavu wake mvaaji anapotembea. Bei yake ni kubwa mno kwa familia nyingi.

Dalili za kurudi kwa fundi

Mguu ukiwa mrefu kupita kiasi, au goti bandia lisipokunjika ipasavyo, mvaaji huinua kiuno, huuzungusha mguu kwa nje kama anayefyeka nyasi, au husimama kwa vidole vya mguu mzima ili ule bandia upite. Akiendelea hivyo, mgongo na mguu mzima huumia.

Kigutu nacho husinyaa katika miezi ya kwanza na kikombe cha mguu kulegea. Watoto hukua. Hata kubadilisha viatu vya kisigino kifupi kwa kirefu husukuma goti mbele na kuharibu mpangilio. Hali zote hizi zinahitaji kupimwa upya.

Wananchi wanashauriwa:

• Kuomba fiziotherapia mapema baada ya upasuaji, bila kusubiri kidonda kipone kabisa.
• Kuuliza kipimo cha goti na nyonga, na kukihifadhi pamoja na karatasi za hospitali.
• Kumweleza fundi kazi wanayofanya, njia wanazopita na aina ya choo wanachotumia.
• Kwenda na viatu wanavyovaa kila siku.
• Kujisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo hupokea maombi ya vifaa saidizi. Usajili huhitaji tathmini ya kimatibabu.