Pesa Zisizouliza Utarudisha Lini

Ikiwa umewahi kuhudhuria mkutano wa chama cha akina mama (sisemi chama chetu cha Kiswahili, ambacho hakina hata senti), basi unalijua swali ambalo lazima liulizwe kabla ya mtu kukopeshwa: "Utarudisha lini?" Mwaka jana kakangu aliulizwa swali hilo hapa Butere, akakosa jibu, akarudi nyumbani mikono mitupu. Niliwakasirikia wale akina mama, mamangu akiwa mmoja wao. Siku hizi siwakasirikii tena, na katika makala haya nitaeleza sababu.

Kakangu alisomea mambo ya umeme. Alitengeneza mashine ya kuangulia vifaranga ambayo stima ikipotea humtumia mwenyewe ujumbe kwa simu. Na stima hapa kwetu hupotea, si mchezo! Yai la kuku hukaa siku 21, na usiku mmoja wa baridi waweza kuharibu kazi ya wiki tatu. Alitaka shilingi 60,000 atengeneze mashine tano za kuuza. Chama kilikuwa tayari kumpa 20,000, pamoja na riba, aanze kulipa mwezi uliofuata. Lakini mwezi uliofuata angekuwa bado ananunua nyaya! Tena hakujua kama kuna mtu atakayenunua mashine yenyewe.

Sasa, kuna watu ambao kazi yao ni kutoa pesa kwa biashara za aina hiyo. Pesa zao huitwa mtaji wa ubia. Mtu huyu hakopeshi, ananunua. Anatoa pesa na kupewa hisa, tuseme robo ya kampuni changa. Kampuni ikifa, pesa zake zimekufa nayo. Hana wa kumdai wala ng'ombe wa kushika. Ikikua, robo yake inakua nayo bila kikomo. Mkopeshaji, hata kampuni ipae mpaka mawinguni, atapata riba yake tu.

Mwaka 1946 huko Marekani, Georges Doriot, Mfaransa aliyefundisha Chuo Kikuu cha Harvard, na wenzake walianzisha kampuni ya kazi hiyo. Mwaka 1957 waliwapa wahandisi wawili dola 70,000 waunde kompyuta, nao wakachukua zaidi ya nusu ya kampuni hiyo, iliyoitwa Digital Equipment. Miaka kumi na kitu baadaye hisa zile zilithaminiwa zaidi ya dola milioni 350! Faida hiyo moja ilifunika hasara nyingi.

Hiyo ndiyo hesabu yenyewe. Anayeweka pesa katika kampuni kumi anajua kwamba nyingi zitakufa au zitabaki vibete. Anangoja moja ilipe kwa niaba ya zote. Kuku wetu akiatamia mayai kumi akaangua moja tu, tunamchinja. Huyu bwana, ikiwa katika lile moja ametoka mbuni, anafanya sherehe. Ndiyo maana hana haja na kinu cha kusaga unga kitakacholisha familia miaka arobaini. Pesa nyingi anazoweka si zake bali za matajiri na hazina za malipo ya uzeeni, nazo humpa muda wa miaka kumi hivi. Anataka kitu kinachokua haraka.

Je, atajuaje kitakachokua? Hutazama njia gani imefunguka hivi karibuni. Chukua M-Pesa. Ilijaribiwa mwaka 2005 kwa pesa za serikali ya Uingereza na za Vodafone, ili watu walipe mikopo midogo kwa simu. Kumbe watu wakaitumia kutumiana pesa! Safaricom ikaizindua kwa wote Machi 2007. Bw. Nick Hughes, aliyeisimamia kazi hiyo huko Vodafone, baadaye alianzisha M-KOPA na wenzake. Tangu mwaka 2012 wameuza taa za jua kwa malipo madogo ya kila siku kupitia M-Pesa. Usipolipa, taa inazimika yenyewe. Bila M-Pesa, nani angezunguka vijijini kila jioni akikusanya shilingi 40 au 50? Wenye mitaji waliona hilo, wakaweka pesa.

Lakini si kila njia hufika. Kampuni ya Copia ilianza mwaka 2013 kupeleka bidhaa vijijini kupitia wenye maduka, na Januari 2022 ilipata dola milioni 50 za wawekezaji. Mwaka uo huo riba ikaanza kupanda Marekani, kutoka karibu sufuri hadi kupita asilimia 5 mwaka 2023. Mwenye pesa akajiuliza: kwa nini nikose usingizi juu ya lori lililokwama matopeni, na serikali ya Marekani yanilipa nikiwa nimelala? Pesa zikaadimika. Sendy, iliyokuwa ikisafirisha mizigo, ilifungwa 2023. Mei 2024 Copia iliwekwa mikononi mwa wasimamizi, na wafanyakazi zaidi ya elfu moja wakapewa notisi kwamba huenda wakapoteza kazi.

Dau la mnyonge haliendi joshi, walinena wahenga. Mwekezaji alikuwa na mayai kumi. Mfanyakazi alikuwa na yai moja tu. Na hapo ndipo nilipowaelewa akina mama wetu. Pesa za chama ni karo za watoto. Zikipotea mara moja, kuna mtoto atakayekaa nyumbani muhula mzima. Wao hawana mayai kumi ya kuchezea. Walikuwa na haki ya kuuliza.

Kakangu naye hakukaa bure. Mwalimu mmoja mstaafu, jirani yetu, alimpa shilingi 40,000 akachukua robo ya biashara, wakaandikiana kwenye karatasi ya fulskepu mbele ya mashahidi wawili. Kaka alitengeneza mashine tatu, akauza mbili. Mwalimu hajauliza hata siku moja pesa zake zitarudi lini. Anauliza makubwa zaidi: Mumias kuna wafugaji wangapi? Na Khwisero je? Kwa nini zisiwe mashine mia? Kaka anakuna kichwa, anasema afadhali angedaiwa.

Mashine ya tatu iko sebuleni kwetu. Mamangu, yule yule wa chama, ametia humo mayai 48 ya kuku wake mwenyewe. Leo ni siku ya 17, na jana usiku stima ilipotea mara mbili.