Mbona Wufa Yako Inabamba Kwa Muvi Lakini Ngoma Zinavuma Tu?

Wasee wengi wakishatoa wufa Luthuli, kitu ya kwanza ni kuzungusha besi hadi mwisho. Muvi ya mabomu inabamba, hadi vikombe vinacheza mezani. Halafu weka benga: gita la besi limekuwa mngurumo mmoja, kama matatu imepaki nje ya dirisha. Wufa haijaharibika. Ni vile muvi na ngoma huitisha besi tofauti.

Ile "5.1" unaona kwa muvi inamaanisha chaneli tano za kawaida, na hiyo .1 ni ya besi pekee: milipuko, radi, dinosa akikanyaga. Hiyo chaneli imepangwa isikike desibeli 10 juu ya zingine, na inaweza shuka hadi hetizi 20. Inakuja, inatingisha kochi, inaenda. Hakuna mtu huuliza bomu limelia kwa noti gani. Ngoma ni stori ingine. Waya nene ya gita la besi iko karibu hetizi 41, na inafaa kuskika ikitembea sambamba na magita mengine na sauti ya msanii. Ukiipandisha, inawameza wote.

Sasa ongeza keja yako. Chumba chenye urefu wa mita 4 huwa na mvumo wake, karibu hetizi 43, pale pale gita la besi hucheza. Noti ikigonga hapo, kuta zinairudisha na inabaki ikivuma hata mpigaji akishaachilia waya. Wufa ikikaa kwa kona, hiyo mvumo inazidi. Kwa muvi kona ni bonasi. Kwa ngoma ni noma.

Kwa hivyo pangia ngoma kwanza. Weka wufa pale wewe hukaa, cheza wimbo wenye besi inapanda na kushuka, halafu utambae kando ya ukuta ukiskiza. (Ndio, utakaa fala. Funga mlango.) Pale kila noti inaskika sawa, hamishia wufa hapo. Kisha shusha besi hadi karibu ipotee, upandishe pole pole mpaka isikike ni kama inatoka kwa spika zenyewe. Kama mashine yako ina nobu ya krosova, anzia hetizi 80. Vispika vidogo vinaweza taka 120. Za bei ya chini mingi hazina, hapo mahali umeiweka ndio kila kitu. Saa ya muvi ikifika, pandisha besi na rimoti, ukimaliza irudishe.

Na kama unachomeka laptop na waya ya AUX, jua hiyo ni chaneli mbili tu. Muvi ikibanwa hivyo, ile .1 mara nyingi huachwa nje kabisa, so kuongeza besi hapo ni haki yako.

Shida ni jirani. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta, besi inapita tu. Na kanuni za kelele za mwaka wa 2009, zile NEMA husimamia, zinahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja, na ndani ya nyumba ya makazi kiwango ni desibeli 35. Friji nzee pekee inaweza fika hapo. Kipande cha godoro chini ya wufa kitapunguza mtetemo unaoshuka kwa sakafu, angalau msee wa chini alale.