Mama, Wajua Kuchagua Majani ya Chai?

Chai si ngeni kwetu Tanga. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua kituo cha kilimo Amani, katika milima ya Usambara, na huko chai ilijaribiwa. Hata hivyo wengi wetu hununua majani bila kuyatazama, na fedha ya nyumba hupotea bure.

Basi, msomaji, yashike haya. Kwanza, tazama. Majani mema ni meusi au ya hudhurungi, makavu, yasiyo na vijiti na nyuzi nyingi. Pili, nusa. Chai huvuta harufu upesi. Ikiwa imekaa dukani karibu na sabuni au mafuta ya taa, iache. Tatu, tia kidogo katika maji baridi. Maji yakiwa mekundu mara moja, ingia shaka: huenda imetiwa rangi.

Wajapani nao wana macho makali. Chai yao iitwayo matcha hukuzwa kivulini, majani yakakaushwa na kusagwa yawe unga. Unga huo hukorogwa katika maji ya moto na kunywewa wote, hauchujwi. Kwa hiyo ubovu hauna pa kujificha. Wao hutaka unga wa kijani kibichi; uliofifia ukawa manjano huukataa.

Nawe, kumbuka kwamba hewa ya pwani ina unyevu. Nunua kidogo kidogo, uweke katika kopo kavu lenye kifuniko, mbali na iliki na karafuu. Kizuri chajiuza, lakini kwa mwenye kutazama.