Shilingi ya Simba: Halisi au ya Kalibu?

Katika nyumba nyingi za Kericho na Bomet mna kopo la zamani lenye shilingi za simba, senti zenye tundu, na pengine rupia moja au mbili. Ni akiba ya watu waliochuma majani tangu mashamba makubwa ya chai yalipoanza katika miaka ya 1920. Fedha hizo hazinunui kitu dukani tangu zamani, lakini wako wapendao kuzikusanya, na penye mnunuzi hapakosi mdanganyifu. Huyu huja kwa njia mbili: ama humwuzia mtu sarafu ya kuigiza kwa bei ya ile halisi, ama humwambia kogo mwenye kopo kwamba mali yake ni bandia, apate kuichukua kwa bei ya kiberiti.

Sarafu halisi hupigwa chapa. Kipande cha madini huwekwa kati ya vyuma viwili vilivyochongwa picha na maandishi, kisha hugandamizwa kwa nguvu nyingi mno hata madini yakajaa katika kila mchoro. Mwigaji asiye na mashine hiyo huichukua shilingi ya kweli, akafanya kalibu kwa udongo au plasta, kisha akamimina madini yaliyoyeyushwa. Kazi hiyo haikosi kuacha alama. Madini yakipoa husinyaa, basi sarafu hutoka ndogo kidogo kuliko mama yake. Hewa iliyokwama huacha vishimo vidogo, hasa karibu na herufi. Ukingoni, nusu mbili za kalibu zilipokutana, hubaki mstari. Mwigaji huusugua kwa tupa, naye huharibu meno ya ukingo.

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kudhani kuwa kila shilingi iliyofifia ni bandia. Sarafu iliyochakaa mikononi mwa watu hulika kwanza palipoinuka, kama vile manyoya ya simba na sikio la mfalme, lakini mabondeni kati ya herufi hubaki na makali yake. Ile ya kalibu imelegea kila mahali kwa kadiri moja, kama sabuni iliyotumika.

Tena kalibu haichagui: hunakili simba, na hunakili pia kila mkwaruzo wa sarafu mama. Mtu akionyeshwa shilingi mbili za mwaka mmoja zenye mkwaruzo ule ule mahali pale pale, hahitaji ushahidi mwingine.

Mizani husaidia, ikiwa ni ya sonara, si ile ya kupimia majani. Shilingi ya simba ina uzito wa gramu 7.8 hivi, na iliyochakaa hupungua kidogo tu. Zile za 1921 hadi 1925 zina robo ya fedha. Za 1948 hadi 1952 ni shaba na nikeli, hazina fedha hata chembe, nazo ni halisi vilevile. Mnunuzi anayemtisha mzee kwa neno hilo ama hajui, ama anajua sana. Mlio nao hufaa, kwa maana sarafu iliyomiminwa kwa risasi hutoa sauti butu. Lakini sarafu ya kweli yenye ufa nayo hailii vizuri.

Hatari kubwa zaidi ni ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye ndovu, ambayo Wajerumani waliipiga Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, katika karakana ya reli. Nakala zake ni nyingi. Mtu akiletewa moja sokoni Litein au Silibwet kwa bei ya mbuzi wawili, na amwulize mwuzaji kwa nini hakuipeleka kwa sonara.

Mwenye kopo asizisugue sarafu zake kwa majivu wala mchanga kabla ya kuzionyesha kwa mjuzi. Mng'aro huo hupunguza bei, tena huondoa yale makali ya herufi ambayo yangemshuhudia.